Kabla lami haijamwagwa: chukudu na kinga zipite wapi?

Vijana wenzetu wa Butembo na Beni, wenzetu wa Lubero, na ninyi wa Luofu ambao vita imewatawanya mu nyumba za watu,

Leo hatuandiki juu ya bunduki. Tunaandika juu ya pembeni ya barabara, pale mama anapita na kitunga kichwani, pale mtoto anapita kwenda masomo, pale chukudu inashuka na mifuko ya viazi. Wengine watasema hilo ni jambo dogo. Wasome kwanza mpaka mwisho.

Ukitafuta njia ya baiskeli mu mji wa Butembo hautaiona. Hakuna kibao, hakuna rangi chini, hakuna mstari. Lakini njia yenyewe iko. Watu waliichora kwa miguu yao na kwa magurudumu ya mbao, miaka na miaka. Ni ule udongo mgumu kati ya lami na mfereji, mita moja hapa, mita mbili kule, mahali pengine hakuna kitu kabisa na unajikuta katikati ya makamio. Wenye kinga (ndiyo, tunaendelea kuita baiskeli kinga, wale wa vitabu watusamehe) wanapita pale pamoja na watu wa miguu, wasukuma chukudu, na mama mwenye meza ya ndizi ambaye naye hana mahali pengine pa kuuzia.

Halafu gari linaingia.

Linaingia juu lami iko na shimo na dereva anakwepa. Linaingia juu kamio imesimama mbele na dereva hana uvumilivu. Usiku linaingia juu hakuna taa, mvua imepiga, matope yamefunika ukingo wa lami, na dereva hajui tena barabara inaishia wapi. Na mtu akigongwa, maneno ni yale yale kila mara: dereva hakukusudia, alifikiri ni barabara.

Sisi tunamwamini dereva. Kweli alifikiri ni barabara. Na hapo ndipo shida iko: ile sehemu ya pembeni inafanana na barabara, iko na upana wa gari, na hakuna kitu chochote kinachomwambia dereva simama. Tukibaki kulaumu dereva mmoja mmoja, tutazika watu na kesho gari lingine litapita palepale. Hatusemi mlevi asifungwe. Afungwe. Lakini baada ya kumfunga, ile sehemu ya pembeni bado iko wazi.

Kwa nini tunaandika sasa? Juu barabara inajengwa. Tarehe 16 Juni 2021 marais wawili, Museveni na Tshisekedi, walikutana pale mpakani, upande wa Mpondwe, wakazindua kazi ya kilomita 223: kilomita 80 toka Kasindi mpaka Beni, 54 toka Beni mpaka Butembo, na 89 toka Bunagana kupitia Rutshuru mpaka Goma. Kazi imeenda polepole kuliko hamu yetu, na vita nayo imefanya yake. Sawa. Lakini lami inapofika, mwendo unabadilika. Kamio iliyokuwa inatambaa mu matope kwa kilomita 15 kwa saa itapita kwa 70. Yule wa chukudu atakuwa palepale, na miguu yake ileile.

Tena kuna jambo ambalo watu wa Kinshasa hawalifikirii. Uganda wanapita kushoto, sisi tunapita kulia. Kamio inatoka Mombasa, inavuka Kenya, inavuka Uganda, siku zote iko kushoto, halafu pale Kasindi dereva anatakiwa kugeuza kichwa chake chote mu dakika moja. Usukani wake uko kulia. Akitembea kulia kwetu, amekaa upande wa mfereji, mbali na katikati ya barabara, na akitaka kuona kama anaweza kupita mwenzake, haoni vizuri. Dereva huyo amechoka, ni saa kumi na mbili, giza linaingia, na mbele yake kuna sehemu safi ya pembeni isiyo na alama. Mnategemea nini?

Kosa la namna hii halikuanza kwetu. New York, mji wenye pesa nyingi kuliko nchi nzima nyingi, wako na njia ndefu ya baiskeli kando ya mto Hudson, sambamba na barabara kubwa ya magari. Ni nzuri, ni laini, iko na mstari katikati kama barabara ndogo. Desemba 2006 dereva mlevi aliingia mu njia hiyo na gari lake, akaendesha karibu kilomita moja na nusu, akamuua kijana wa miaka 22 aliyekuwa juu ya baiskeli yake. Watu wa baiskeli walipiga kelele: wekeni nguzo kwenye milango ya njia, gari lisiweze kuingia. Miaka ikapita na milango mingi ikabaki wazi. Tarehe 31 Oktoba 2017 mtu mwingine, safari hii kwa makusudi, aliingiza gari ya kukodi mu njia ileile na kuua watu 8. Kisha mu siku chache tu vipande vikubwa vya beto vilikuwa vimewekwa. Kumbe iliwezekana tangu zamani. Miaka 11 ilipita kati ya kifo kile cha kwanza na vile 8.

Bogotá, kule Kolombia, walifanya tofauti. Magari yalikuwa yamekula pembeni zote za barabara, watu wa miguu wanapita katikati ya magari. Meya Enrique Peñalosa, aliyetawala mji toka 1998 mpaka 2000, alipanda nguzo fupi kwenye ukingo wa njia za watu na akajenga njia nyingi za baiskeli. Wenye magari walikasirika mpaka wakatafuta namna ya kumtoa kwenye kiti. Hakutoka, na nguzo zikabaki. Tunamtaja juu alielewa kwamba kibao kinamwomba dereva, na jiwe halimwombi. Mu mji ambapo wenye magari ndio wenye sauti, kuomba hakufiki mbali.

Tukirudi karibu na kwetu, Dar es Salaam walipoanza mabasi ya mwendokasi Mei 2016, barabara ya Morogoro ilipata pia njia za watu wa miguu na za baiskeli pembeni. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini bodaboda na bajaji wakagundua haraka kwamba njia ile ni laini na haina foleni. Nairobi serikali ya mji iliandika mu 2015 sera nzima juu ya watu wa miguu na baiskeli, na ahadi ya kuwawekea asilimia 20 ya pesa za barabara. Miaka ya 2020 na 2021 mitaa ya katikati ya mji ilitengenezwa upya, nguzo fupi zikawekwa, magari yakakosa pa kupanda. Pikipiki nazo? Zinapita katikati ya nguzo kama maji.

Na hapa tuseme ukweli ambao utatuletea matusi. Wengi wetu ni wamotari. Tunaosoma maneno haya, nusu tunaishi kwa moto na nusu nyingine tunapanda moto kila siku. Na pembeni ya barabara adui wa kwanza wa chukudu si Land Cruiser ya mheshimiwa. Ni moto. Land Cruiser inaingia mara moja kwa wiki, moto inaingia kila dakika. Motari anaingia juu ya shimo, anaingia akiona polisi mbele na hana pesa ya kuacha, anaingia juu mteja anamwambia “piga haraka, nimechelewa”. Nguzo yoyote inayoruhusu chukudu kupita itaruhusu moto pia. Fundi anayekuambia kuna jiwe la kuzuia moto bila kuzuia chukudu anakudanganya.

Kwa hiyo kwa moto kuna kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni shimo: motari akipata lami nzima hatakuwa na hamu ya kupita mu matope na wamama. Ya pili ni sisi kwa sisi. Vyama vya wamotari viko, viko na viongozi, vinajua kukusanya mchango wa kila siku bila kukosea hata franka moja. Basi vijue pia kumwita mwanachama aliyepita pembeni na kumsimamisha siku mbili. Gile iwe na namba kubwa mgongoni ambayo hata bibi anaweza kuisoma. Na wewe unayekaa nyuma, wewe unayelipa, uko na mdomo: “Papa, rudi mu barabara.” Tumejaribu. Wengine wanacheka, wengi wanarudi.

Kwa magari na makamio ni rahisi zaidi, na tuko na pendekezo ambalo hatujaona likisemwa mahali. Ni mfereji.

Angalieni namna barabara zetu zimechongwa. Kuna lami, kisha udongo wa pembeni, kisha mfereji, kisha kiwanja cha mtu. Maana yake mtu wa miguu na mtu wa chukudu wamewekwa kati ya gari na shimo. Gari likija hawana pa kukimbilia isipokuwa kuanguka mu mfereji. Sasa geuzeni: lami, mfereji, kisha njia ya chukudu, kinga na miguu, kisha kiwanja. Mfereji utachimbwa hata hivyo, juu mvua ya huku bila mfereji inabeba barabara yote. Pesa ni karibu ileile. Lakini sasa mfereji uko kati ya kamio na mtoto wa masomo. Hakuna dereva hata mmoja, mlevi au mzima, wa Beni au wa Mombasa, atakayefikiri kwamba mfereji ni barabara. Akikosea, atavunja gurudumu lake na si mguu wa mtu.

Mahali pa kuvuka, weka daraja dogo la beto lenye upana wa mita moja na nusu. Chukudu yenye mzigo inapita, gari karibu mita mbili kwa upana linabaki nje. Mbele ya depo au parokia ambako gari lazima liingie, daraja litakuwa pana, hiyo tunaikubali, lakini pande zote mbili za daraja weka mawe makubwa ili gari likiingia liende mbele tu, lisikate kulia au kushoto kufuata njia ya watu. Mawe tuko nayo. Mito yetu imejaa mawe.

Kwenye avenue ambazo mfereji umeshajengwa upande wa nje, hatuwezi kuubomoa kesho. Pale kuna pneu zilizochoka zikizikwa nusu, kuna miti ya eucalyptus ambayo vilima vya Lubero vimejaa, ikikatwa kwa urefu wa kiuno, ikapandwa kila mita moja na nusu na kupakwa chokaa nyeupe ili ionekane usiku. Hiyo ni salongo ya Jumamosi moja kwa kila avenue.

Lakini tafadhali, si kila mahali. Mtu aliyewahi kushuka na chukudu yenye mizigo anajua: breki yake ni kiatu chake na kipande cha pneu kinachogusa gurudumu la nyuma. Kilo 300 zikishuka kilima, hazisimami kwa sababu umepanda mti pale chini. Nguzo iliyowekwa mwisho wa mteremko itaua yule tuliyetaka kumlinda. Hata Uholanzi, nchi ambayo karibu kila mtu iko na baiskeli, siku hizi wanaondoa nguzo nyingi walizoziweka katikati ya njia juu watu wanazigonga na kuumia. Basi nguzo ziwekwe mahali tambarare, na kwenye mteremko tuachie mfereji ufanye kazi. Na ukingo wa beto usiwe mrefu bila mtelemko wa kupandia, juu gurudumu la mbao halipandi ngazi. Wahandisi wengi wamejifunza baiskeli mu vitabu vya Ulaya. Chukudu haimo mu vitabu hivyo. Wamwite mtu wa chukudu, wamlipe siku yake, awaonyeshe.

Ni ajabu kidogo. Goma wamemjengea mtu wa chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu, tangu 2009 iko pale kwenye rond-point na watu wanapiga picha mbele yake. Sanamu iko na mahali pake katikati ya barabara. Mtu mwenyewe hana hata mita moja pembeni.

Tunajua jibu litakalokuja. Watu wanachinjwa mu vijiji vya Beni, M23 iko mu Lubero, na ninyi mnaongea juu ya njia ya kinga? Ndiyo, tunaongea. Mwisho wa mwezi wa sita 2024 Kanyabayonga ilipoanguka, watu wa Kanyabayonga, Luofu, Kayna na Kirumba walipanda kwenda Lubero na Butembo. Walipanda na nini? Wengi kwa miguu. Godoro, sufuria, mzee asiyeweza kutembea, vyote juu ya chukudu, pembeni ya barabara, na makamio na jipe zikipita mbio karibu yao pande zote mbili. Mtu aliyeponyoka risasi hapaswi kufa kwa kugongwa na gari linalokwepa shimo. Na wale waliofika hapa bila kitu, kazi ya kwanza ambayo kijana anaipata ni kusukuma mzigo wa mtu.

Jibu lingine: leta haina pesa. Mafuta tunayonunua pale pompo yana sehemu inayoenda FONER, mfuko wa kutunza barabara uliowekwa kwa sheria mu 2008, na magari yanalipa peaji. Tunachangia tayari. Ila zaidi ya yote, kugeuza upande wa mfereji kwenye karatasi ya mhandisi, kabla mashine haijachimba, hakudai pesa nyingi. Kuugeuza baada ya lami ndiko kutakuwa ghali, na hapo kweli watatuambia hakuna pesa.

Sheria ya barabarani tunayotumia ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Ina umri kuliko karibu sisi wote. Hatudai kwanza sheria mpya ambayo itasubiri Kinshasa miaka kumi. Tunadai mchoro. Office des Routes watoe wazi kwa watu mchoro wa barabara ya Beni–Butembo, hasa sehemu zinazopita mu makazi na sokoni, ili tuone pembeni ina mita ngapi na mfereji uko upande gani. Office des Voiries et Drainage wafanye vilevile kwa avenue za mji. Ofisi za meya za Butembo na Beni, ambazo tangu Mei 2021 ziko mikononi mwa polisi kwa sababu ya état de siège, ziko na mamlaka ya kutosha kukataza gari kusimama na kupita pembeni mbele ya masomo na masoko, na ziko na watu wa kulisimamia neno hilo. Polisi wa barabarani wanaojua kusimamisha moto kumi kwa saa wanaweza kusimamisha jipe moja pembeni ya shule. Hata kama ndani amekaa mkubwa.

Maandamano mnajua wenyewe yanaishia wapi siku hizi. Kwa hiyo safari hii tunaenda na mita. Chukua mita ya fundi cherehani au ya fundi mbao, enda na mwenzako kwenye avenue yako mchana, mmoja apime na mwingine aangalie magari. Andika upana wa pembeni, mfereji uko upande gani, gari na moto vinaingia wapi, na masomo au soko gani liko karibu. Usipige picha ya uso wa dereva wala namba ya gari la mtu, hatutafuti mtu. Vipimo vyote tutavipanga avenue kwa avenue na kuviambatanisha na barua inayoenda kwa meya wote wawili na kwa Office des Routes. Wa Oicha na Lubero wapime pia, barabara ni moja.